Mluzi wa Sikio la Baba

Watu walimwita Mama Waya, naye hakulikataa jina, kwa kuwa ni kweli alitembea na mafungu ya waya begani kama wanawake wengine wanavyotembea na mkoba. Kazi yake ilikuwa kufunga mitambo ya sauti. Arusi, mkutano, mahafali, msiba: popote watu walipokusanyika na mmoja wao akataka kusikika kuliko wenzake, Mama Waya alikuwa ametangulia kuja kupanga spika, kujaribu maiki na kugombana na mtu wa umeme. Alikuwa na hasira za karibu. Mtu akimkumbusha kwamba hasira hasara, alijibu kwamba hasara ameshaizoea, wamwache na yeye afaidi hasira.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Nyumbani kwao walizaliwa wawili tu. Kaka yake, kifungua mimba, alisomeshwa akasomeka, akaja kuwa mkubwa wa ofisi yenye kibao mlangoni na mtu wa kuufungua mlango wenyewe. Ndugu walimwita Mkurugenzi, wengine kwa heshima, dada yake kwa kumkejeli. Yeye, kitinda mimba, aliandamana na baba kazini tangu siku ambazo hata vifungo vya gauni lake alifungiwa na mama. Mama alipofariki, binti akawa ndiye msaidizi, mwandani na mgomvi mkuu wa mzee.

Fundi wa sauti ana adui mmoja, naye ni mluzi. Maiki ikiisikia spika, inaurudisha mlio kwa spika ileile. Spika inautoa kwa nguvu zaidi, maiki inausikia tena, na hivyo hivyo wanazungushiana mpaka ukumbi mzima unajaa kelele kali inayokereza meno. Watoto wanacheka, wakubwa wanaziba masikio, na wote wanageuka kumtazama fundi kwa jicho baya. Baba alikuwa na amri moja tu juu ya jambo hilo: mkono kwanza, akili baadaye. Mluzi ukianza usiulize unatoka wapi. Funga maiki, mengine utayajua watu wakishatulia. Binti akichelewa, alipata kofi dogo mgongoni mwa kiganja. Basi mkono wake ukajifunza kutangulia, na hata alipoanza kuota mvi ulikuwa unafika kwenye kitufe kabla mwenyewe hajajua kuna nini. Alijivunia mkono huo kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

Spika humlisha fundi, kisha humla. Baba alianza kwa kuitikia salamu ambazo hakusalimiwa, akaendelea kwa kucheka pale wenzake walipokuwa wakisikitika, mwisho akapelekwa hospitali na kurudi na kifaa cha sikio, kidogo kama punje ya haragwe. Kwa vile masikio yenyewe yalikuwa yamekwisha, kifaa kilifunguliwa sauti hadi mwisho. Na ndani ya kifaa cha namna hiyo mna maiki na spika zinaishi chumba kimoja, kwa hiyo ukisogeza kiganja au shavu karibu, kinapiga mluzi. Mwembamba, lakini unasikika meza nzima. Mara ya kwanza mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema adui aliyemfukuza maisha yake yote sasa amehamia kichwani kwake na hana mpango wa kulipa pango.

Wengine hawakucheka. Wajukuu waliacha kumkumbatia, wakawa wanampa mkono kwa mbali. Mke wa Mkurugenzi aliuliza kwa sauti ya upole kama haiwezekani kitu hicho kivuliwe wakati wa chakula, na alipoona mzee hakushughulika naye, akanong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mama Waya alikuwapo. Alichomjibu hakiandikiki, na mawifi hao wawili hawakusemezana muda mrefu.

Kisha ikaja arusi ya binti wa Mkurugenzi. Siku hiyo Mama Waya aliibeba kifuani kama jiwe, na kila aliyekubali kumsikiliza alisimuliwa.

Baba alikuwa amepewa nafasi ya kumwambia mjukuu wake maneno mawili matatu. Aliyaandaa kwa majuma, akiyasema peke yake chumbani. Alipoitwa mbele akapewa maiki, na kabla hajafungua mdomo bibi harusi akashindwa kujizuia, akamrukia na kumkumbatia, shavu lake juu ya sikio la babu. Kifaa kikapiga mluzi. Maiki ikaudaka, spika zikauchukua, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Waya alikuwa nyuma kabisa, kwenye miksa, ile meza ya vitufe vya sauti, na mkono wake ukafanya kazi yake: mluzi ulikatika hata kabla vicheko havijaisha. Ndipo Mkurugenzi akanyanyuka. Alikwenda mbele na lile tabasamu lake la kupokelea wageni, akainama, na kwa vidole viwili akakichomoa kifaa sikioni mwa baba yake, kama mtu anayeondoa uzi kwenye koti la mwenzake. Akakitia mfukoni. Akampapasa mzee bega, akarudi kukaa.

Mama Waya aliona giza. Baba aliinua maiki akasema maneno yake, lakini binti yake hakusikia hata moja; hasira zilimjaa masikioni, akaona midomo tu ikicheza, na macho yake mwenyewe yameganda kwenye ule mfuko wa koti. Wageni wakapiga makofi ya adabu. Msema chochote akaitisha muziki, Mama Waya akaufungua.

Walikutana baadaye nje, kwenye magari. Mkurugenzi alijitetea kwamba alimsitiri mzee, kwamba watu walikuwa wakimcheka, kwamba yeye kama mtoto wa kwanza hawezi kukaa akaangalia baba yake akigeuzwa kichekesho. Alisema kwa utaratibu, akihesabu hoja kwa vidole, na utaratibu huo ndio uliomchoma dada yake zaidi.

"Umemnyamazisha baba mbele za watu," alimwambia. "Hata ungempiga kofi, angalau angesikia mlio."

Kifaa kilirudishwa, lakini baba hakukivaa tena. Alikitia kwenye droo pamoja na misumari na betri zilizokufa, akasema ameshasikia vya kutosha katika maisha yake. Tangu hapo alikaa mezani akitazama sahani. Ukimwambia leo kuna jua aliitikia ndiyo, ndiyo. Ukimwambia nyumba inaungua, ndiyo, ndiyo. Mtu aliyejua kutofautisha spika mbili kwa kuzisikiliza akiwa nje ya mlango, sasa alikuwa haulizi hata nani amebisha hodi. Mama Waya alimpigia kelele, akambembeleza, akamnunia. Alimkasirikia mzee kwa kukubali haraka hivyo. Lakini hasira kubwa ilibaki kwa kaka yake, mtu ambaye sauti yake hujaza vyumba vyote anavyoingia, halafu anaona haya kwa mluzi wa sikio la mzee. Nyani haoni kundule, alisema kila jina la Mkurugenzi lilipotajwa. Alilisema mara nyingi hata majirani wakalizoea.

Katika hali hiyo ndipo akaitwa kufunga mitambo kwenye ukumbi wa sanaa, kwa ajili ya mwanamuziki mgeni, mwanamke mrefu aliyenyoa kipara. Mgeni hakuleta ngoma wala gitaa. Alitundika maiki kwa kamba juu ya spika, akafungua sauti, akaiachia maiki ibembee. Kila ilipopita juu ya spika ilipiga mluzi. Mkono wa Mama Waya uliruka kwenye miksa, na mgeni akaudaka hewani, akaushika hapo hapo kwenye kifundo.

Hakuna aliyewahi kumshika mkono kazini tangu baba yake. Alivuta waya zake na kuondoka, akisema kwa sauti kwamba yeye amekula chumvi nyingi kwa kukiua kitu hiki, hawezi kusimama hapa wakikikaribisha kama mgeni wa heshima. Ila njia ya kutokea ilipita katikati ya spika. Alipopita, mluzi ulishuka. Akasimama. Akarudi hatua moja, ukapanda. Akainua mkono, ukabadilika tena. Miaka yote hiyo alikuwa anaukata kichwa kabla hajausikiliza, na sasa aligundua kwamba mluzi unajua mtu amesimama wapi. Aliweka waya chini.

Msimamizi wa ukumbi, binti mpole mwenye miwani, alimruhusu kutumia stoo ya nyuma siku za Jumapili. Mwanzoni alishindwa. Kila mluzi ulipoanza mkono uliufunga, tena na tena, hata akautukana mkono kama mtu mwingine. Baadaye akajifunza kuutia mfukoni. Akajifunza kuifungua sauti taratibu mpaka pale inapotaka kulia na bado haijalia, na kuiacha hapo. Chumba kikiwa hapo, mtu akipumua karibu na maiki kinaitikia.

Alichokitengeneza kilikuwa rahisi kukieleza. Kiti kimoja katikati ya chumba, maiki zimening'inia juu yake, spika kwenye pembe nne. Mtu akikaa peke yake, chumba kinavuma kidogo tu. Mwingine akimkaribia, kinaanza kuimba. Wakigusana mashavu, kinapiga mluzi wa kuitikisa milango. Msimamizi alipenda, akampa siku ya kukionyesha kwa watu, akauliza kazi hii inahusu nini ili aandike kwenye kibao.

"Inahusu kaka yangu," alijibu Mama Waya.

Binti alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Katika kile kiti angekaa baba, na kifaa chake sikioni. Mkurugenzi angealikwa pamoja na wale watu anaowaheshimu. Angelazimika kuinama kumsalimu mzee, na akiinama tu, chumba kizima kingepiga mluzi juu ya kichwa chake. Hapo ndipo aje azichomoe hizo spika kwa vidole viwili na kuzitia mfukoni. Mama Waya alilala na picha hiyo na kuamka nayo. Mzee angeona kwamba mluzi wake haukuwa aibu, kifaa kingerudi sikioni, na kaka yake angeonja kidogo. Yote mawili aliyataka, na kama ungemwuliza analitaka lipi zaidi, angekufukuza.

Kazi ikawa kumpata baba. Alikitoa kifaa kwenye droo, akakitia betri mpya, akakiweka kwenye kiganja cha mzee. Mzee akapunga mkono kukikataa. Akamwinamia kwenye sikio lenye afadhali.

"Baba, nina mluzi nashindwa kuukamata."

Mzee aligeuka kumtazama. "Tangu lini wewe unashindwa kufunga maiki?"

Alilisema kwa namna ambayo binti hakuielewa, bila ukali na bila utani. Akamjibu kwamba safari hii hataki kuifunga, anataka uendelee. Baba alikaa akikigeuzageuza kifaa kiganjani, akauliza hiyo spika ni ya aina gani na chumba kina dari ya nini. Halafu akakivaa. Akaonya kwamba ni kwa ajili ya kazi tu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Watu walijaa ukutani, wengine wakiwa wamekuja kwa kupenda, wengine kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha nje. Baba aliketi kwenye kiti na suti yake ya kazini, mgongo umenyooka, akitazama zile maiki kwa jicho la mwenye mali. Chumba kilikuwa kinavuma. Mama Waya alikaa kwenye miksa, kando ya mlango. Mkurugenzi aliingia na binti yake, yule aliyekuwa bibi harusi, na mabwana wawili wa ofisini kwake. Mama Waya alipoliona lile tabasamu la wageni, moyo ulimdunda kwa furaha mbaya.

Kaka yake alisita mlangoni, kisha akaenda. Kwa kila hatua chumba kilipanda kidogo. Alifika kwenye kiti, akatazama juu, akatazama dada yake, akaelewa kwamba ametegewa. Angeweza kugeuka. Badala yake akainama, akasogeza mdomo sikioni mwa baba yake na kuanza kusema kitu. Kifaa kikalia, maiki zikaudaka mlio, spika zote nne zikaupokea.

Na chumba kikanyamaza.

Watu wakatazamana. Mama Waya naye alitazama huku na huku akitafuta umeme umekatika wapi, mpaka macho yake yalipotua kwenye miksa. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe. Ulikuwa umefunga kila kitu.

"Umeifunga tena," alisema baba.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini katika ule ukimya kila mtu alisikia. Binti yake akauliza, tena vipi?

"Siku ya arusi. Sikuwa na kifaa, lakini kifua ninacho. Spika ikitoa sauti yangu naisikia hapa." Alijigusa kifuani. "Siku ile hapakuwa na kitu. Nilisema maneno yangu yote kwenye maiki iliyokufa."

Mama Waya alimtazama kaka yake. Mkurugenzi alikuwa bado ameinama, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Alisema polepole kwamba hata wao wa meza ya mbele hawakusikia kitu, walidhani mzee amekwisha sauti, wakaona vibaya kuuliza. Bibi harusi aliitikia kwa kichwa, huku akikwepa kumtazama shangazi yake.

Mama Waya aliikumbuka sasa siku ile. Mkono ulioruka. Mluzi uliokatika. Ule mfuko wa koti alioukazia macho mpaka akasahau kuifungua maiki tena, mpaka ulipoitishwa muziki. Muda wote ule alikuwa ametembea na hasira hiyo nyumba hadi nyumba, akiwagawia watu, na kumbe nusu yake ilikuwa ya kwake. Alitafuta wa kumrukia, hakumwona.

"Mbona hukuniambia?" Sauti yake ilitoka na ukali ambao hakuukusudia.

"Ningesema nini? Kaka yako alinichukulia sikio. Mdomo ulinichukulia wewe. Na mkono huo niliufundisha mimi." Mzee alikohoa. "Niliona, kama hata fundi wangu ananifunga, basi haina haja. Nikakitia kwenye droo."

Msimamizi wa ukumbi alisogea akitaka kusaidia, akanong'ona labda watu watoke kidogo. Mama Waya alimtazama kwa jicho lililomrudisha alikotoka.

"Fungua," alisema baba.

Alifungua. Sauti ilirudi kutoka chini, ikavuma, ikaanza kupanda. Mkono uliruka tena. Aliuona kwa macho yake ukienda, akauvuta, akaukalia. Aliukandamiza chini ya paja, juu ya kile kiti cha mbao, kwa uzito wake wote.

"Na wewe ulikuwa unasema nini?" mzee akamwuliza mwanawe.

Mkurugenzi alirudi sikioni. Chumba kikalia. Mabwana wa ofisini waliziba masikio, mtu mmoja akatoka mbio, kioo cha dirisha kikatetemeka. Yeye alifumba macho kama mtu aliye kwenye mvua, lakini hakusogea.

"Nimesema nimekuja, Baba."

"Sema tena."

Akasema tena. Halafu binti yake akatoka ukutani na kumkumbatia babu kama alivyomkumbatia siku ile, shavu juu ya sikio, na mluzi ukapanda mpaka mahali ambapo Mama Waya, katika miaka yake yote, hakuwahi kuuacha ufike. Mkono ulimuuma chini ya paja. Alikuwa na hasira bado. Alimkasirikia kaka yake kwa kutokukimbia, kwa kumnyima hata kile kisasi kidogo. Alimkasirikia baba kwa kunyamaza. Na juu ya wote aliukasirikia mkono, na mkono haujui kuomba radhi. Machozi yalimtoka, na mkono wa kuyafutia ulikuwa umekaliwa.

Watu walipokwisha kuondoka, alibaki na baba kukunja waya. Mzee alikunja kama alivyomfundisha, kitanzi juu, kitanzi chini, bila kupinda shaba ya ndani. Kifaa kilikuwa bado sikioni. Binti alisubiri mpaka fungu la mwisho.

"Baba, ulisema nini siku ile?"

Mzee alifunga fundo, akalivuta kulijaribu.

"Maneno ya arusi husemwa arusini," alijibu. "Lete sanduku."

Alileta. Baba aliinama kuziweka waya ndani, bega likagusa sikio, na kifaa kikapiga mluzi wake mwembamba. Mkono wa Mama Waya ulinyanyuka. Hapakuwa na kitufe mbele yake, hata hivyo ulinyanyuka. Aliutazama mpaka ukashuka wenyewe.